Sakafu ya Pili ya Pikapu Yetu

Burumba, jioni

Mwanangu Wandera,

Sikuulizi hali. Asubuhi ulimaliza mandazi yote ya kwenye sahani ukaulizia na ya jikoni, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu utaijua ukiendelea kusoma.

Umekwenda Moding kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala kuku na kusikia habari za kila mgonjwa wa kijiji. Kwa hiyo nina nafasi. Nimezisukuma nguo za watu kando, nimeweka karatasi juu ya meza ya cherehani, na nimeamua kuandika badala ya kukungoja mlangoni. Nikikungoja nitapiga kelele. Nikipiga kelele utasema "sawa, Mama," na hiyo sawa yako ni kama mlango wa choo cha soko: unafungwa, lakini hauzuii kitu. Barua huwezi kuiambia sawa ukaenda zako.

Mambo ya sweta, ya kanisa na ya kuchemsha maji nimeyaruka. Huko Eldoret unakokwenda kuishi kuna baridi. Ngozi yako itakukumbusha bila msaada wangu. Nataka tuzungumze juu ya pikapu.

Leo mchana nilitaka kukushonea turubai jipya la kuondokea nalo. Nilikuwa nimekuwekea kipande kizuri, kile cha kijani kilichobaki kwenye kazi ya lori la Mombasa. Unajua ninavyopima. Nina kamba yangu ya katani yenye mafundo, na pikapu ile naijua kwenye kamba hiyo kama ninavyokijua kiuno cha mke wa katekista. Nikaiteremsha kamba kutoka ukingo wa bodi mpaka sakafuni. Lile fundo ambalo siku zote hufika ukingoni likabaki juu yake, na nilipolishusha, kamba ya chini ikajikunja. Nikajaribu kona nyingine. Ikajikunja tena. Nikajiambia, labda kamba imerefuka. Lakini Wandera, kamba ya katani hairefuki shibiri nzima. Ni bodi iliyopungua kina.

Fundi wa nguo akiletewa koti ambalo nje ni refu na ndani ni fupi, hahitaji kupelekwa shule. Hapo pana bitana, na kati ya bitana na koti pana kitu ambacho mwenye koti hataki kionekane.

Nikachukua nyundo nikang'oa. Misumari mipya kabisa, kwenye mbao zilizopakwa masizi zionekane za zamani. Masizi ya sufuria zangu! Na mimi wiki nzima nilikuwa nikitembea kifua mbele, nikiwaambia akina mama wa jumuiya kwamba mwanangu siku hizi ananisugulia sufuria bila kuambiwa. Walinionea wivu. Sijui Jumapili nitakwenda na uso gani.

Chini ya mbao nilikuta nafasi ya kulaza magunia ubavu kwa ubavu, na kwenye ufa mmoja punje za kahawa. Usiniambie ni maharagwe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yako Auma. Mwezi uliopita ulichukua pikapu ukasema unakwenda Funyula kwenye matanga yake. Ulirudi na macho mekundu, ukasema ni ya kukesha. Mwanangu, marehemu alikuja hapa siku chache baadaye kuchukua sketi yake. Alikunywa chai vikombe viwili, akalalamika kwamba kiuno kinambana, akaenda zake. Nilijua basi kwamba ulinidanganya, na nikanyamaza. Nilidhani ni msichana. Nikajisemea moyoni, kama ni msichana atakuja kusema mwenyewe. Nisamehe kwa kukupa sifa usizostahili.

Nina hasira, Wandera. Nimejaribu kuandika barua ya upole kama mama wengine, lakini kalamu inatoboa karatasi.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri pikapu ile ilikuwa kitu gani. Marehemu baba yako alipewa na mwenye duka mmoja wa Malaba aliyekuwa akihama, na alipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ililetwa nyumbani ikivutwa na ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliona haya. Baba yako akaiegesha nyuma ya nyumba, akasema mwaka ujao ataifufua, na mwaka uliofuata tukamzika yeye. Kuku wakahamia ndani. Mchicha ukaota kwenye tundu la sakafu ukatoka dirishani, nikauchuma tukala. Mpaka leo sijui mboga nyingine iliyotoka kwenye gari la Kiingereza.

Mafundi wa majiko ya makaa walizunguka kama tai. Yule kibogoyo wa karibu na stendi ndiye aliyezidi.

"Mama, niuzie mkweche huo. Milango tu inanitolea majiko ya ukoo mzima."

"Siuzi."

"Sasa unaiweka ya nini? Unangoja mwenyewe afufuke aiendeshe?"

Nilimrushia kidonge cha nyuzi, ndicho kilichokuwa mkononi. Tangu siku hiyo nikaamua gari lile litatembea, hata kama ni kwa ukaidi tu. Watu husema ukaidi ni mbaya. Mimi umenijengea nyumba.

Wewe ulipomaliza shule ndipo kazi ilipoanza. Nakumbuka ulivyoishusha injini kwa mnyororo kwenye nguzo za paa la jikoni, nami nikiomba paa lisishuke pamoja nayo. Ulizunguka kwenye makaburi ya malori ya Malaba, ukarudi na kabureta ya gari moja, gia ya gari jingine na vioo vya gari la tatu, ukavipiga tupa mpaka vikakubaliana. Mimi nilisugua kutu kwa mchanga wa mto mpaka vidole vikakataa kushika sindano. Rangi tulichanganya mabaki: kijani cha madirisha ya misheni na nyeupe ya zahanati. Ikatoka rangi ambayo haina jina katika lugha yoyote, kama mchuzi wa kunde uliolala. Wewe ukasema ni nzuri. Mimi nikasema itafaa, hakuna mwizi atakayeweza kuiba kitu cha rangi hii akakificha.

Na makosa yangu, kwa kuwa leo naandika ya watu wote. Viti nilivishona mimi, kwa turubai la lori, mshono mara mbili. Ila nilivijaza pamba ya shambani kwa mama, pamba yenye mbegu zake, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana. Nani mwenye akili hujaza kiti pamba isiyochambuliwa? Panya walikuja kwanza, kwa ajili ya mbegu. Halafu mvua ikapita pale penye mpira wa kioo, na asubuhi moja ukaniita, "Mama, njoo uone, kiti kimeota!" Kweli, miche ya pamba ilikuwa imetoka kwenye mshono, kijani kibichi, imejipanga kama kwaya. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikasirika, kisha nikacheka. Tukavipasua viti vyote tukaanza upya.

Na bodi. Wewe ulitaka mbao nyepesi. Mimi nikashika mvule, mvule, mvule, kwa sababu mume wa fulani ana lori la bodi ya mvule na mke wake hukaa kiti cha mbele kanisani. Tukapakia matofali ya kanisa, tukapanda kilima, na magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Katekista alikuwa nyuma juu ya matofali. Nilimsikia akianza sala ya wanaokufa. Ulilirudisha gari kinyumenyume mpaka chini, taratibu, hukulaumu mtu, kesho yake ukachukua msumeno ukapunguza mvule wangu bila kuniambia neno. Siku hiyo niliona kwamba una mikono ya baba yako na subira ambayo sijui uliitoa wapi, kwetu haipo.

Nimekuandikia haya yote ili ujue nimekasirikia nini. Ile ni pikapu ambayo kila kosa lake tulilifanya mchana, majirani wakiangalia na kucheka. Hakuna msumari uliopigwa humo ambao Burumba haikuusikia. Mpaka hii sakafu yako.

Najua hukuitunga peke yako. Mwalimu Omuse alikufundisha hesabu darasa la nne, na sasa amerudi kukufundisha kutoa. Mtu ameacha chaki kwenye ubao, watoto wa watu wameketi wakitazama ukuta, yeye yuko Malaba na kofia mpya, na bado anataka aitwe Mwalimu. Mji huu umeingiwa na kichaa tangu kahawa ianze kuvuka mpaka kwa magendo. Nimeona mtu akiosha viatu kwa bia, na viatu vyenyewe havina soli. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha akina mama na kuku wao, leo mama akisimama na kuku wanamwuliza kama hana gunia. Ng'ambo ya mpaka hawana sabuni wala chumvi, wana kahawa. Sisi tuna sabuni na chumvi, hatuna haya.

Tena kosa ni langu kumleta kwako. Alikuja nimshonee suruali, na mimi nikiwa na pini mdomoni sikuweza kunyamaza hata hivyo. Nikamsifia mikono yako. Nikamwambia kijana wangu anaweza kutengeneza chochote usijue pameunganishwa wapi. Akasema, "Eh! Pasijulikane kabisa?" Nikasema, kabisa. Nilidhani anakupenda kama mwanafunzi wake. Kumbe alikuwa akinipima mimi, na kamba yake haina mafundo.

Leo alikuja. Nilikuwa nimepanda juu ya pikapu, nang'oa ubao wa mwisho. Akasimama getini, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride.

"Mama Wandera! Unafanya nini na gari la kazi?"

"Karibu, Mwalimu. Napunguza koti."

Akaangalia mbao zilizolala chini, akaangalia barabarani, akasogea. "Ongea pole pole, mama. Hii ni biashara tu. Kila mtu anafanya. Hata wakubwa."

"Wakubwa wana magari yao. Hili ni la mjane. Kijana atachukua mzigo wapi?"

"Ataingia ng'ambo kidogo tu, anatoka."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo tu, mama. Njia ya shamba. Watu wamepangwa."

"Na nani atakaa kwenye usukani?"

"Si kijana."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nitakuwa mbele, na kale kagari kangu. Naangalia njia."

"Mbele kiasi gani, Mwalimu?"

"Mbele tu."

"Mbele ya kuonana, au mbele ya kukimbia?"

Akaanza kucheka, kile kicheko cha pua. "Wewe mama, mtoto ana ndevu na bado umemshika kitovu. Muache awe mwanaume."

"Mimi sijamzuia. Ila naona kwenye safari hii mwanaume ni mmoja, na huyo mmoja si wewe."

Akakasirika. Akasema vijana wa kuendesha wamejaa Malaba nzima, hata kesho atapata mwingine. Nikamwambia apate. Nikamwambia pia atafute na pikapu, maana hii imerudi kuwa ya sakafu moja, na suruali yake asubuhi ataikuta kwa jirani, mimi simshonei tena. Akaenda. Aligeuka mara moja, si kuniangalia mimi, kuangalia mbao.

Sasa najua utasema nini. Utasema, "Mama, si wewe uliwashonea akina mama mifuko ndani ya gaguro, chini ya sketi, wakavusha chumvi na sabuni?" Niliwashonea. Mishono mizuri, hakuna iliyopasuka. Nilisema kazi yangu ni sindano, wanayobeba si yangu. Niliacha kwa sababu nilichoka kusikiliza miguu ya watu wakipita nje, nikijiuliza kama inasimama. Kikombe cha chai kinapoa mkononi kwa sababu mbwa wa jirani amebweka. Sikuacha kwa utakatifu, usije ukanisifu mbele ya nyanya yako. Niliacha kwa sababu yale maisha hayana ladha. Wewe bado una umri wa kudhani hofu ni kitu cha kusisimua.

Nenda nyumbani kwa Mama Nafula uangalie ukuta. Mwanawe alivuka na baiskeli, naye pia alikuwa anaingia kidogo tu anatoka. Baiskeli ilirudi. Watu waliileta, wakaiegemeza ukutani, wakasema hawajui zaidi. Mama Nafula hajaisogeza mpaka leo. Anafagia akiizunguka. Askari wa upande ule wakisimamisha gari hawaulizi mara mbili. Wa upande wetu huuliza mara mbili, ila swali la pili huulizwa na hakimu. Na yule wa mbele na kagari kake atakuwa ameshafika hotelini ameagiza nyama, akisema, jamani, yule kijana nilimfundisha, alikuwa na akili sana.

Hiyo "alikuwa" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nilifikiria kukuficha ufunguo. Halafu nikakumbuka pikapu hii wewe huiwasha kwa waya. Nilikuona, ukadhani nimelala. Nikafikiria kutoboa gurudumu. Nikafikiria kumwita baba yako mdogo aje akuketishe chini, lakini yule akisikia kahawa atauliza kama kuna nafasi ya mtu mwingine. Na hata nikiizuia pikapu, magari mengine yamejaa Malaba. Ukitaka kwenda utakwenda. Siwezi kukushona mahali pamoja.

Kwa hiyo pikapu ni yako kama nilivyoahidi. Turubai nimelimaliza, limepimwa kwenye sakafu ya kweli, kile kipande kigumu cha kufunga kona nimekitia mshono mara tatu. Ndani, nyuma ya kiti, nimeweka jina la mama mmoja wa Sio Port aliyenishonesha nguo za kwaya. Anatafuta gari la kupeleka samaki wakavu Eldoret, na yuko tayari keshokutwa. Samaki hawatakununulia kofia kama ya Mwalimu. Utanuka samaki mpaka kwenye nywele, wasichana watakaa upande wa pili wa chumba. Lakini mzigo wenyewe hujitangaza kabla askari hajakuuliza, na usiku utalala. Barabara utakayoendesha ni ileile, mikono yako ni ileile. Na kama samaki hutaki, kuna vitunguu, kuna mikeka, kuna watu wanahama na makabati yao. Dunia imejaa vitu ambavyo vinaweza kukaa juu ya sakafu vikionekana.

Mbao zako sikuzichoma. Nilitaka, nilikuwa hata na kiberiti. Nimezipanga kando ya gurudumu la nyuma, masizi yametazama juu, na misumari nimeinyoosha mmoja mmoja, ipo kwenye kopo la siagi. Nyundo iko juu yake. Ukiamka kesho, chagua. Ukiziacha hapo chini, nitazigeuza rafu ya vitambaa na hutanisikia nikizitaja, leo wala uzeeni.

Ukiamua kuzirudisha, zirudishe mwenyewe, mchana, mimi nikiwa nimekaa barazani nashona. Sitasimama, sitakushika mkono. Nitakachoomba ni kimoja tu: piga kwa nguvu. Zile za kwanza ulizipiga mimi nikiwa kanisani. Hizi nataka nizisikie zote, mpaka msumari wa mwisho, ili siku watu wakija kuegemeza kitu ukutani kwangu, nisiwe na haja ya kuwauliza ilikuwaje.

Chakula chako kimefunikwa. Taa nimeiacha ndogo.

Mama yako